Vumbi la Longonot na Baiskeli Yangu: Mafunzo Tisa Niliyopata

Asubuhi moja ya mwaka 2006, jua likiwa bado nyuma ya ukingo wa Bonde la Ufa, nilisimama kando ya barabara ya Mai Mahiu kwenda Naivasha nikiwa na mitungi miwili ya maziwa na gurudumu la nyuma lililokwisha upepo. Niliziba pancha, nikapiga pampu, nikaondoka. Sikumaliza kilomita mbili. Nikaziba tena. Mara ya tatu solusheni iliniishia, nikasukuma baiskeli kwa miguu hadi kwa mnunuzi, na nilipofika maziwa yalikuwa yameharibika. Siku hiyo sikupata hata shilingi.

Mzee fundi aliyekuwa akikaa chini ya mti pale Longonot aliipokea tairi yangu, akapitisha kidole ndani yake polepole, kisha akanionyesha waya mwembamba kama unywele. Akaniambia, "Kijana wangu, wewe unaziba tundu, na aliyetoboa umemwacha ndani ya nyumba."

Tangu siku hiyo nimebeba maziwa kwa miaka, nimekaa chini ya mti uleule na spana mkononi, na nimetunza baiskeli za kukodisha kwa wageni wa hifadhi ya Hell's Gate. Mengi niliyoyajua niliyajua baada ya kupoteza pesa, muda, na mara moja ngozi ya goti. Nayaandika hapa kwa ajili ya mwenye baiskeli anayeitegemea kwa riziki yake.

1. Mtafute aliyetoboa kabla ya kuziba tundu

Barabara yetu hii ya chini hupitisha malori ya mizigo yaendayo Uganda, Rwanda na Kongo. Tairi la lori likipasuka, vipande hubaki kando ya lami, na ndani ya vipande hivyo mna nyuzi za chuma. Ukiiacha lami ukashika njia ya miguu kuelekea Mlima Longonot, unakutana na miiba ya migunga na mbigiri. Waya ndio mbaya zaidi, kwa sababu hujificha katika unene wa tairi na kuchomoza tu pale uzito wako unapokalia gurudumu. Ukiitazama tairi ikiwa mikononi, huuoni.

Siku hizi, kabla sijaitoa tyubu, naweka alama ya chaki kwenye tairi mahali valvu ilipo. Nikilipata tundu kwenye tyubu, napima umbali wake kutoka kwenye valvu, kisha naenda umbali uleule kwenye tairi. Napitisha kitambaa cha pamba ndani ya tairi mzunguko mzima. Kitambaa kitanasa mahali kidole hakikuhisi kitu. Hapo nautoa waya kwa koleo.

Tundu lenyewe pia lina habari. Likiwa moja upande wa nje, ni mwiba au waya. Yakiwa mawili sambamba kama meno ya nyoka, tyubu ilibanwa kati ya rimu na jiwe: ulikuwa na upepo mdogo au mzigo mkubwa. Likiwa upande wa ndani, unaotazama rimu, chunguza ncha ya spoki iliyochomoza au ukanda wa rimu uliosogea. Ukiziba bila kusoma habari hiyo, kesho utaziba tena.

2. Solusheni iachwe ikauke

Kosa ninaloliona kila wiki ni mtu kupaka solusheni na kubandika kiraka papo hapo, ikiwa bado majimaji. Solusheni hushika baada ya kukauka. Kwanza kwaruza tyubu kwa msasa mpaka ule mng'ao uishe, na eneo unalokwaruza lizidi ukubwa wa kiraka. Futa vumbi. Paka solusheni utando mwembamba, usubiri dakika tano hivi mpaka ukiigusa pembeni haivutiki kama uzi. Ndipo ubandike kiraka na kukibana kwa nguvu kutoka katikati kwenda pembeni. Kwa upepo wa mchana wa huku kwetu, geuza mgongo uukinge usilete mchanga. Chembe chache tu chini ya kiraka zinatosha kukibandua.

Jambo la pili ni valvu. Baiskeli nyingi aina ya Black Mamba zina valvu ya kizamani yenye kipira chembamba kilichovikwa kwenye kipini chake. Kipira hicho kikichakaa, upepo hutoka usiku kucha, nawe unatafuta tundu ambalo halipo. Tia mate juu ya valvu. Ukiona povu, badilisha kipira. Ni kitu cha bei ndogo sana, na mimi niliwahi kununua tyubu mpya mbili kabla sijalijua jambo hilo.

3. Futa kabla ya kupaka mafuta

Hili ndilo funzo kubwa kuliko yote, na ni la Longonot hasa. Ardhi tunayoikanyaga ni jivu la volkano. Mlima wetu wenye mita 2,776 ulilimwaga bondeni, na kiangazi kikifika jivu hilo hupanda hewani kila ng'ombe wanapopita. Chukua kidogo ulisugue kati ya vidole. Utahisi chembe kali kama za kioo kilichosagwa. Chembe hizo zikichanganyika na mafuta huwa msasa, na msasa huo huzunguka na cheni yako siku nzima ukila chuma.

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilidhani cheni inayong'aa kwa mafuta ndiyo cheni iliyotunzwa. Nilikuwa nikimwaga oili chafu ya gari, kwa kuwa ilipatikana bure. Baada ya siku mbili cheni ilikuwa imevaa koti jeusi la tope. Cheni mpya haikunimalizia mwaka.

Sasa nafanya hivi. Nachovya kitambaa katika mafuta ya taa, naishika cheni kwa kitambaa hicho na kuzungusha pedali kinyume mpaka weusi uishe. Nairudia kwa kitambaa kikavu. Kisha naweka tone moja la mafuta mepesi, kama yale ya cherehani, juu ya kila pingili. Nazungusha tena, naiacha ilale usiku, na asubuhi naifuta kwa nje mpaka kidole kikiigusa kitoke karibu kikavu. Mafuta yanahitajika ndani ya pingili, mahali chuma kinaposuguana na chuma. Yale ya nje ni mtego wa vumbi tu.

Kisha pima. Kutoka pini hadi pini ya cheni ni nusu inchi. Weka sifuri ya rula katikati ya pini ya kwanza. Pini ya 25 inatakiwa iwe juu ya inchi 12 kamili. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, nunua cheni mpya, na meno ya friwili yatakuwa bado salama. Ukingoja ipite kwa 1/8, meno nayo yamekwisha liwa, na cheni mpya itarukaruka juu yake. Rula ya mtoto wa shule imeniokolea friwili nyingi.

4. Usiipeleke kwa waosha magari

Mvua ikinyesha, jivu hugeuka tope linaloshika kila mahali, na kishawishi ni kuipeleka baiskeli kwa vijana wenye mashine ya maji ya shinikizo. Inatoka iking'aa. Lakini maji yale hupenya ndani ya habu, kwenye ekseli ya pedali na kwenye shingo ya usukani, yakaifukuza grisi na kuacha tope mahali pake. Baada ya wiki tatu magurudumu huanza kulia.

Ndoo ya maji, kitambaa na brashi ya zamani vinatosha. Tope likiwa limekauka, libandue kwanza. Ukimaliza kuosha, kausha na utie mafuta kwenye cheni siku hiyohiyo.

5. Soma nambari zilizo ubavuni mwa tairi

Hell's Gate, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1984, ni mojawapo ya hifadhi chache nchini ambamo mgeni anaruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia na twiga. Kwa sababu hiyo, kwenye njia ya kuelekea lango la Elsa kuna safu za baiskeli za kukodisha, nyingi zikiwa za mtumba kutoka nchi mbalimbali. Hapo ndipo nilipojifunza kwamba neno "inchi 26" halitoshi unapoenda dukani.

Tairi iliyoandikwa 26 x 1.75 na iliyoandikwa 26 x 1¾ zinasomeka kama kitu kimoja, lakini haziingiliani. Ya kwanza hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 559, ya pili kwenye milimita 571. Vivyo hivyo kwa inchi 28: Black Mamba hutumia 28 x 1½, ambayo ni milimita 635, ilhali baiskeli nyingi za mbio zinazoitwa 28 au 700C ni milimita 622. Niliwahi kupigana na tairi ya namna hiyo mchana kutwa, nikavunja vyuma viwili vya kuvulia tairi, nikidhani ni ngumu kwa kuwa ni mpya.

Tafuta nambari ndogo zilizoandikwa kama 47-559. Ya kwanza ni upana wa tairi, ya pili ni kipenyo cha rimu. Hiyo ya pili lazima ilingane kabisa na ya tairi ya zamani. Iandike kwenye karatasi kabla ya kwenda Naivasha mjini, maana kurudisha tairi ni safari nyingine.

Hapohapo ubavuni pameandikwa pia kiwango cha upepo. Kiheshimu. Tairi laini huonekana nafuu kwenye mchanga, lakini chini ya mzigo hukata tyubu na kugonga rimu.

6. Breki hutengenezwa tambarare, si mteremkoni

Goti langu lina kovu la barabara ya ukingoni, ile inayoshuka hadi Mai Mahiu kwa kulipita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Nilikuwa nimebeba gunia la viazi. Breki zilikuwa zimelegea kwa siku nyingi, nami nilikuwa nikisema nitazikaza kesho. Manyunyu yalianza nikiwa nusu ya mteremko. Rimu zangu zilikuwa za chuma, na rimu ya chuma ikilowa, mpira wa breki huteleza juu yake kana kwamba imepakwa sabuni. Lori lilikuwa nyuma yangu. Nilichagua mtaro.

Tangu hapo sishuki mlima bila kupima. Nakamata breki ya mbele na kuisukuma baiskeli mbele: gurudumu la nyuma linatakiwa kuinuka. Nakamata ya nyuma na kusukuma: gurudumu linatakiwa kuburuta. Natazama waya wa breki pale unapoingia kwenye mkono wa breki, kwa sababu hapo ndipo nyuzi zake huanza kukatika moja moja. Ukiona uzi mmoja tu umekatika, badilisha waya siku hiyo. Natazama mipira ya breki: mifereji yake ikifutika, imekwisha. Na nahakikisha mpira unashika rimu peke yake. Ukigusa tairi, utaikata ubavuni mpaka ipasuke.

Kwenye baiskeli za breki za vyuma, zile zinazovuta mpira juu hadi upande wa ndani wa rimu, kaza kila kiungo, maana mtikisiko wa njia zetu huvilegeza. Na mkishuka, wewe na mzigo wako, msiburute breki mwanzo hadi mwisho. Rimu hupata moto na mpira huwa mgumu. Punguza mwendo kwa nguvu kabla ya kona, achia upoe, punguza tena. Mvua ikiwepo, ziguseguse breki mapema ili zifute maji kabla hujazihitaji.

7. Spoki moja ikikatika, simama

Spoki hazifanyi kazi peke yake. Kila moja imevutwa, na zote pamoja hulishikilia gurudumu kama kamba za hema. Moja ikikatika, jirani zake huubeba mzigo wake, na baada ya siku chache nazo hukatika. Niliendesha wiki nzima na spoki moja iliyokatika kwa sababu "bado zilikuwepo 39". Ilipofika Jumamosi zilikuwa zimekatika tano na rimu imepinda kama sahani iliyokanyagwa. Badala ya kununua spoki moja nilinunua gurudumu.

Nyingi hukatika gurudumu la nyuma, kwenye shingo ile iliyopinda inapoingia kwenye habu, kwa kuwa mzigo uko huko. Kwa hiyo gawa mzigo: mitungi iwe miwili yenye uzito sawa, ikae chini, na karibu na kiti kadiri inavyowezekana.

Kila Jumapili nazichapa spoki kwa kidole kama nyuzi za nyatiti na kusikiliza. Za upande mmoja zinatakiwa kutoa sauti zinazokaribiana. Inayotoa mlio mzito imelegea. Kunyoosha gurudumu, geuza baiskeli juu chini, uzungushe gurudumu na utumie mpira wa breki kama kipimo. Rimu ikienda kulia, kaza spoki za kushoto mahali hapo na ulegeze kidogo za kulia. Robo ya mzunguko kwa kila spoki, kisha zungusha utazame. Mwenye haraka hugeuza mzunguko mzima na kuipindisha rimu kuliko ilivyokuwa.

8. Hesabu gololi

Inua gurudumu la mbele, shika tairi kwa juu na uitikise kushoto na kulia. Likicheza, habu imelegea. Lizungushe polepole huku umeshika fremu: ukihisi mkwaruzo kama mchanga, mchanga umo kweli. Fungua mapema, kwani gololi iliyosagika huchimba mashimo kwenye kikombe chake, na hapo habu nzima imekwisha.

Tandaza kitambaa cheupe chini kabla ya kufungua, kwa maana gololi ikianguka kwenye jivu letu huioni tena. Hesabu. Habu nyingi za mbele zina gololi 10 za 3/16 ya inchi kila upande, na za nyuma 9 za robo inchi kila upande. Usichanganye ukubwa, wala usiweke mpya tano na za zamani nne. Ile iliyo kubwa kidogo hubeba uzito wote. Osha vikombe kwa mafuta ya taa, kausha, jaza grisi, panga gololi. Unapokaza, tafuta mahali ambapo gurudumu halichezi na wala halikazi. Nati ya pili ndiyo inayofunga kipimo hicho, kwa hiyo shikilia ya kwanza kwa spana huku ukikaza ya pili.

Na kabla ya kugusa pedali, kumbuka kwamba ya kushoto ina nyuzi zinazokaza kinyume. Niliharibu mkono wa pedali wa mteja kwa kuilazimisha, nikaulipa. Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: spana ikiwa imesimama juu ya pedali, ukiivuta kuelekea gurudumu la mbele unakaza, na kuelekea la nyuma unafungua, pande zote mbili.

9. Mfundishe mtoto

Yule mzee fundi hakunitoza siku ile ya waya. Alinipa kitambaa, akaniambia nitafute mwenyewe waya wa pili. Kitendo hicho kimelisha nyumba yangu kuliko msaada wowote niliowahi kupewa.

Juu ya ukingo, huko Kikuyu, mwendesha baiskeli David Kinjah amekuwa akiwalea vijana wa timu ya Safari Simbaz, na miongoni mwa anayowafundisha ni kutengeneza baiskeli zao wenyewe. Katika mikono yake alipita mvulana aliyezaliwa Nairobi, Chris Froome, aliyekuja kushinda Tour de France mara nne, mwaka 2013, 2015, 2016 na 2017. Wengi wa watoto wetu hawatashindana Ufaransa. Watakwenda shule, watapeleka maziwa, watawahi zamu kwenye mashamba ya maua kando ya Ziwa Naivasha. Nao wanastahili baiskeli isiyowaacha njiani.

Vifaa vinavyotosha ni vichache: pampu, viraka na solusheni, msasa, vyuma vya kuvulia tairi, spana ya kurekebishwa, bisibisi, koleo, kichupa cha mafuta mepesi na kitambaa. Mkabidhi mtoto kitambaa kwanza. Akijua kufuta, ataona ufa, spoki iliyolegea na waya unaokatika, kwa sababu macho na mikono yake vitakuwa vimepita kila mahali.

Nilipokuwa nikibeba maziwa nilidhani baiskeli huchakaa kwa kilomita. Nimeona nyingi sasa, na nasema bila wasiwasi: hapa Longonot huuawa na vumbi, na neno "kesho". Kwa hiyo jioni ya leo, kabla ya kuiegemeza baiskeli yako ukutani, bonyeza tairi zote mbili kwa kidole gumba, kamata breki zote mbili, chapa spoki, ufute cheni. Ni kazi ya dakika kumi. Ifanye leo, kisha mwite mtoto wako aje aone unavyofanya.